Nasaba nane za kirusi kimoja: mafua ya nguruwe yanavyofuatiliwa

Kirusi cha kwanza cha mafua kutengwa kutoka kwa nguruwe kinaitwa A/swine/Iowa/15/1930. Ukilisoma jina hilo kwa mpangilio, unapata kundi A la mafua, mwenyeji wake nguruwe, jimbo la Iowa nchini Marekani, sampuli namba 15, mwaka 1930. Maelfu ya virusi vilivyopatikana baadaye vimeitwa kwa mtindo huohuo, na mtu akitazama orodha yao anaweza kudhani kila kimoja kina baba mmoja, babu mmoja na ukoo mmoja unaorudi nyuma bila kukatika. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kirusi cha mafua kina nasaba nane, na hizo nane zinaweza kutoka kwa wanyama tofauti, mabara tofauti na miongo tofauti. Asiyelijua hilo atasikia kila mara kwamba "kirusi kipya kimezuka" bila kuelewa upya wake uko wapi.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Mafua ya nguruwe si homa ya nguruwe ya Afrika. Ile ya Afrika huweza kufagia karibu kundi zima, lakini haimpati binadamu. Mafua ni kinyume chake: nguruwe hupata homa, hukohoa, hugoma kula, hulala wakirundikana pembeni, kisha baada ya wiki moja hivi wengi wao wanarudi kwenye chakula. Vifo ni vichache. Ndiyo maana kwa miaka mingi wenye mabanda waliuona ugonjwa huu kama hasara ndogo ya kawaida, na ndiyo maana kumbukumbu za zamani zina mapengo makubwa.

Vipande vinane

Maelekezo ya urithi ya kirusi cha mafua kundi A yameandikwa kwenye RNA, kemikali inayobeba jeni zake, jumla ya herufi 13,500 hivi, nazo hazikai kwenye uzi mmoja. Zimegawanyika katika vipande vinane vilivyo huru. Vitatu vilivyo virefu zaidi, PB2, PB1 na PA, vinatengeneza mashine ya kunakili kirusi. NP kinatengeneza protini inayofunika RNA, M kinahusika na umbo na ganda la ndani, NS kinasaidia kukwepa kinga ya mwili. Viwili vilivyobaki ndivyo maarufu. HA kinatengeneza hemaglutinini, protini ambayo kirusi hutumia kunasa kwenye seli na kuingia. NA kinatengeneza neuraminidasi, inayokata mnaso huo ili virusi vichanga viweze kutoka. Herufi H na N katika majina kama H3N2 zinatokana na protini hizi mbili tu. Vipande sita vingine havitajwi kabisa kwenye jina hilo.

Katika nguruwe duniani kote, aina zilizoota mizizi ni tatu: H1N1, H1N2 na H3N2. Lakini majina haya ni mapana mno. Virusi viwili vinaweza vyote kuitwa H1N1 ilhali hemaglutinini zao ziliachana njia miongo mingi iliyopita, kiasi kwamba kinga dhidi ya kimoja haikitambui kingine. Mtu anayefuatilia mageuzi ya mafua akiishia kuandika "H1N1" kwenye ripoti, hajasema kitu.

Kirusi hiki hubadilika kwa njia mbili. Ya kwanza ni makosa ya kunakili. Mashine yake haina utaratibu wa kurudi nyuma na kusahihisha, kwa hiyo makosa hubaki. Kipande cha HA kina herufi 1,700 hivi, na katika hali ya kawaida hujikusanyia mabadiliko matatu hadi manne kwa kila herufi elfu kwa mwaka, yaani kama herufi tano hadi saba zinazobadilika kila mwaka. Mengi ya mabadiliko hayo hayana athari yoyote, lakini yote yanaacha alama, na alama hizo ndizo zinazomwezesha mtafiti kukadiria virusi viwili viliachana lini.

Njia ya pili ndiyo inayovuruga hesabu. Virusi viwili tofauti vikiingia kwenye seli moja ya nguruwe mmoja, vyote vinanakiliwa humo humo, na virusi vipya vinapofungwa vinaweza kuchukua vipande kutoka pande zote mbili. Ni kama wachezaji wawili wameangusha karata zao sakafuni, na kila mmoja anaokota nane bila kuangalia zilikuwa za nani. Michanganyiko inayowezekana ni 256. Mingi haifai na hufa papo hapo. Michache hufanya kazi, na mmoja mmoja hufanya kazi vizuri kuliko wazazi wake wote wawili.

Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba nguruwe ni mahali pa pekee pa mchanganyiko huo. Virusi vya ndege hunasa kwenye aina moja ya asidi ya siali, sukari iliyo juu ya seli, vya binadamu kwenye aina nyingine, na nguruwe anazo zote mbili. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yametiwa chumvi. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba binadamu naye ana aina zote mbili, na mpangilio wake katika njia ya hewa ya nguruwe hautofautiani sana na wetu. Kwa maoni yangu, umuhimu wa nguruwe hautokani na koo lake kuwa la ajabu. Unatokana na maisha tunayompangia: maelfu ya wanyama chini ya paa moja, watoto wapya wasio na kinga kila wiki, safari ndefu kwenye malori, na watu wanaoingia mabandani asubuhi na jioni wakiwa na mafua yao wenyewe.

Damu ya wazee

Mwaka 1918, wakati mafua yalipokuwa yakiua mamilioni ya watu duniani, J. S. Koen, mkaguzi wa mifugo wa serikali ya Marekani huko Iowa, aliona nguruwe wakiugua ugonjwa uliofanana sana na ule wa watu. Uliambatana na maonyesho ya nguruwe ya Cedar Rapids ya vuli ile, kisha ukaenea mashambani. Koen akasema bila kumung'unya maneno kwamba ni mafua yaleyale. Wafugaji walimjia juu kwa kuhofia watu wangeacha kula nyama ya nguruwe. Mgogoro huo wa bei na ukweli tutakutana nao tena.

Aliyethibitisha kwamba chanzo ni kirusi alikuwa Richard Shope, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1931. Alichukua makamasi ya nguruwe wagonjwa, akayapitisha kwenye chujio linalozuia bakteria, na kilichopita bado kikawaambukiza nguruwe wengine. Miaka miwili baadaye, mwaka 1933, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw wakatenga kirusi cha mafua ya binadamu huko London. Ndipo ukaja uchunguzi ninaouona kuwa mwanzo halisi wa kazi hii ya kufuatilia mageuzi. Damu ya watu wazima ilipochanganywa na kirusi cha nguruwe, ilikizima. Damu ya watoto walio chini ya miaka 12 hivi haikuweza. Nguruwe hawakuwa wamewaambukiza watu wazima wote hao. Maelezo yaliyobaki ni kwamba watu wazima walikutana na ndugu wa kirusi hicho karibu na 1918, kabla watoto hawajazaliwa. Hakukuwa na mashine ya kusoma jeni, wala mtu aliyejua jeni imetengenezwa na nini, lakini umri wa mtu ulitosha kuwa kalenda. Jenomu nzima ya kirusi cha 1918, yaani maelekezo yake yote ya urithi, ilikamilika kusomwa mwaka 2005, nayo ikaonyesha undugu uleule.

Tangu 1918 ukoo huo, unaoitwa H1N1 ya kale, ulikaa kwa nguruwe wa Amerika Kaskazini kwa takriban miaka 80 bila misukosuko mikubwa. Mwaka 1976 ulirukia askari wa kambi ya Fort Dix, New Jersey, na mmoja akafariki. Serikali ya Marekani ikachanja watu zaidi ya milioni 40 kwa kuhofia 1918 nyingine ambayo haikuja, huku baadhi ya waliochanjwa wakipata ugonjwa wa neva wa Guillain-Barré. Tangu hapo, yeyote anayetamka hadharani kwamba kirusi fulani cha nguruwe ni hatari anajua anatembea juu ya nini.

Kamba ya pamba na mashine ya PCR

Kabla ya kuchora ukoo lazima upate sampuli, na nguruwe mwenye kilo mia hapendi kuingizwa kijiti chenye pamba puani. Inabidi ashikwe kwa kitanzi cha mdomoni, na kelele zake zinawatia hofu banda zima. Njia nyepesi ni kamba nene ya pamba inayoning'inizwa usawa wa mabega ya wanyama. Nguruwe ni wadadisi: mmoja ananusa, wa pili anaivuta, na baada ya muda mfupi wanagombania ncha yake wakiitafuna. Ikiachwa dakika 20 hadi 30, kamba inakuwa imeloa mate ya wanyama wengi. Inaingizwa kwenye mfuko wa plastiki, inakamuliwa, na majimaji ya kijivu yenye mabaki ya chakula yanamiminwa kwenye chupa ndogo na kuwekwa kwenye barafu. Sampuli moja inawakilisha banda zima. Ubaya wake ni kwamba virusi vya wanyama kadhaa huenda vimechanganyika humo, na ukikuta vipande vya koo mbili hujui kama vimetoka kwa nguruwe mmoja au wawili. Kwa hiyo kamba hutumika kujua kama kirusi kipo, na kijiti cha puani hurudi pale jenomu safi inapohitajika. Kwa watoto wanaonyonya kuna hila nyingine: kufuta ngozi ya kiwele cha mama, ambako pua na midomo ya watoto wote imepita.

Maabara huanza na kipimo cha PCR, kinachonakili kipande cha jeni mara nyingi hadi kiweze kuonekana. Kipimo hicho hulenga kipande cha M, kwa kuwa hicho hakibadilikibadiliki sana na hivyo karibu kila mafua ya kundi A yananaswa. Kikionyesha kirusi kipo, ndipo H na N zinatambuliwa, na sampuli zenye virusi vya kutosha zinasomwa herufi kwa herufi.

Miti isiyokubaliana

Mfuatano wa herufi ukipatikana, unapangwa pamoja na maelfu ya mifuatano mingine iliyo kwenye hazina za wazi, na kompyuta inatafuta mti wa nasaba unaoeleza tofauti zao vizuri zaidi. Kila kipande kinachorewa mti wake, na hapa ndipo ile hoja ya nasaba nane inapoonekana kwa macho. Kama vipande vyote vimesafiri pamoja, miti minane itafanana. Kirusi kikikaa tawi moja kwenye mti wa HA na tawi la mbali kabisa kwenye mti wa PB2, maana yake mahali fulani, katika nguruwe fulani, vipande vilibadilishana.

Mwaka 1998 miti hiyo ilipinduka. Nguruwe wa North Carolina, kisha wa Minnesota, Iowa na Texas, waliugua H3N2, aina ambayo haikuwa imeota mizizi kwa nguruwe wa Marekani. Jenomu ya aina iliyoota mizizi iliposomwa, HA, NA na PB1 zilitoka kwa mafua ya binadamu, NP, M na NS zilitoka kwenye ile H1N1 ya kale ya nguruwe, na PB2 na PA zilitoka kwa ndege. Vyanzo vitatu ndani ya kirusi kimoja. Vipande sita vya ndani vya mseto huo vilionekana kuelewana sana, kwani vilibaki pamoja huku HA na NA zikibadilishwa mara kwa mara kama za kuazima. Ndani ya miaka michache, nguruwe wa Amerika Kaskazini walitoka kwenye ukoo mmoja mtulivu hadi kwenye utitiri wa koo.

Upande wa pili wa Atlantiki historia ilikuwa tofauti. Mwaka 1979 kirusi kizima cha H1N1 kilitoka kwa ndege kikaingia kwa nguruwe wa Ulaya, Ubelgiji ikiwa mahali kilipoonekana kwanza, na polepole kikachukua nafasi ya ukoo wa kale huko. Baadaye ukoo huo ukafika Asia.

Kisha ikaja Aprili 2009. Watoto wawili huko California walikutwa na H1N1 ambayo haikufanana na ya msimu. Ndani ya wiki chache vipande vyake vyote vilikuwa vimesomwa, na kila kimoja kilipelekwa kwenye mti wake. Sita viliangukia kwenye matawi ya mseto wa Amerika Kaskazini. Viwili, NA na M, viliangukia kwenye ukoo wa Ulaya na Asia, ule uliotoka kwa ndege mwaka 1979. Hakuna aliyewahi kuuona mchanganyiko huo kwa nguruwe popote.

Miti hiyo ilifichua jambo lingine lililowaumiza vichwa wafuatiliaji. Kila kipande cha kirusi kipya kilining'inia kwenye tawi refu lililo tupu. Kwa kuwa herufi hubadilika kwa kasi inayokadirika, urefu wa tawi unapimika kwa miaka, na makadirio yalionyesha kwamba vipande hivyo vilikuwa vimezunguka kati ya miaka 9 na 17 hivi bila mtu yeyote kuchukua sampuli ya ndugu zake wa karibu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga la dunia tarehe 11 Juni 2009, na makadirio ya baadaye yaliweka vifo vya mwaka wa kwanza kati ya 151,700 na 575,400. Ndugu waliokuwa wakitafutwa walipatikana mwaka 2016, katika sampuli za nguruwe wa Meksiko, hasa magharibi ya kati ya nchi hiyo. Nguruwe hai walikuwa wameagizwa kutoka Amerika Kaskazini na kutoka Ulaya, na koo mbili zilizotenganishwa na bahari zikakutana bandani.

Biashara hiyo hujirudia popote miti inapochorwa kwa kuweka tarehe na mahali. Ndani ya Marekani, virusi vimeonekana kutiririka kutoka majimbo ya kusini kwenda kwenye ukanda wa mahindi wa kati, njia ileile wanayosafirishwa nguruwe wadogo kwenda kunenepeshwa palipo na chakula. Kimataifa, koo za Ulaya na Amerika Kaskazini zimefika Asia pamoja na nguruwe wa mbegu. Nguruwe haruki wala hahami. Anasafirishwa.

Nani humwambukiza nani

Vichwa vya habari huuliza kama nguruwe watatuambukiza. Miti inajibu swali lingine: sisi tunawaambukiza wao mara nyingi zaidi. Norway ni mfano mzuri kuliko yote. Nguruwe wake walikuwa wakipimwa kila mwaka na kukutwa hawana mafua kabisa. Vuli ya 2009 kirusi cha janga kikaenea kwa watu, na baada ya muda mfupi kikawa mabandani, kikiwa kimepelekwa na wafanyakazi. Huko Marekani, uchambuzi wa mifuatano ya mwaka 2009 hadi 2021 ulihesabu takriban mara 370 ambazo kirusi hicho kilitoka kwa binadamu kwenda kwa nguruwe. Mingi ya miruko hiyo iliishia palepale. Michache iliota, ikachanganyika na koo nyingine, na baadhi ikarudi kwa watu ikiwa imebadilika.

Kibaya ni kwamba nguruwe hutunza wanachopewa. Kwa binadamu, mafua ya msimu hulazimika kukimbia kinga yetu: tunaishi miongo mingi, tunakumbuka virusi tulivyokutana navyo, na kirusi kisichobadilisha sura hukosa pa kwenda. Nguruwe wa nyama huchinjwa akiwa na umri wa miezi sita hivi. Kumbukumbu ya kinga ya kundi hufutwa na kuanza upya daima. Ulinganisho wa virusi vya H3N2 vya nguruwe wa Ulaya na vile vya binadamu ulionyesha kwamba herufi zilibadilika kwa kasi inayokaribiana, lakini sura inayoonekana na kinga ilibadilika polepole kwa nguruwe, takriban mara sita pungufu. Kwa hiyo hemaglutinini zilizotoka kwa watu miaka ya 1990 bado zinazunguka kwa nguruwe wa Marekani huku zikiwa zimetoweka kwa watu zamani. Mtu mwenye umri mkubwa huenda ana kinga nazo. Aliyezaliwa baadaye hana. Ni mantiki ileile ya damu ya wazee na watoto ya miaka ya 1930, na ndiyo iliyojitokeza mwaka 2009, pale wazee waliozaliwa zamani walipougua kwa nadra kuliko vijana.

Mwaka 2012 ilionekana wazi zaidi. Kirusi cha H3N2 cha nguruwe, kilichokuwa kimechukua kipande cha M kutoka kwa kirusi cha janga, kiliambukiza watu 309 nchini Marekani, wengi wao watoto waliokuwa wamewatunza au kuwatembelea nguruwe kwenye maonyesho ya kilimo ya Ohio na Indiana. Wanyama hao hawakuwa lazima waonekane wagonjwa. Watafiti waliopima nguruwe katika maonyesho 53 ya Ohio kati ya 2009 na 2011 walikuta kirusi katika maonyesho 12, na katika 10 kati ya hayo hakukuwa na dalili za ugonjwa kwa nguruwe. Ukaguzi wa macho mlangoni, kwa maneno mengine, haukuwa na maana kubwa.

Kutoka kwenye mti hadi kwenye ramani

Mti unaeleza undugu. Hauelezi kama kinga ya mtu au chanjo ya nguruwe itakitambua kirusi, maana herufi moja mahali pabaya inaweza kuzidi herufi hamsini mahali pasipo na maana. Kwa mafua ya H3N2 ya binadamu, watafiti walionyesha mwaka 2013 kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko makubwa ya sura kwa miaka 35 ilitokana na nafasi saba tu kwenye hemaglutinini, zote zikiwa karibu na pale inaponasa seli.

Kwa hiyo maabara hurudi kwenye kipimo cha zamani cha miaka ya 1940. Kirusi cha mafua huzigandisha chembe nyekundu za damu, kwa mfano za bata mzinga, zikatanda kama utandu kwenye kishimo cha sahani. Ukiongeza kingamwili (protini za kinga zilizo kwenye damu) zinazokitambua, chembe hazigandi, zinazama chini na kuwa kidoti chekundu. Mpimaji anaendelea kuzimua kingamwili nusu kwa nusu hadi kidoti kipotee, na hapo anajua utambuzi ulikuwa na nguvu kiasi gani. Akirudia kwa virusi vingi na kingamwili nyingi, anapata jedwali ambalo kompyuta hulipanga kuwa ramani: virusi vinavyofanana machoni pa kinga vinakaa jirani, visivyofanana vinakaa mbali. Ramani ya virusi vya nguruwe ya dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha utawanyiko mkubwa kiasi kwamba chanjo moja kwa wote haiwezekani.

Mwaka huohuo, mfumo mmoja wa majina ya H1 za nguruwe ulipendekezwa, kwa kuwa Marekani ilikuwa ikitumia herufi za Kigiriki na Ulaya majina yake. Sasa 1A ni ukoo wa kale wa 1918, 1B ni zile zilizotoka kwa mafua ya msimu ya binadamu, 1C ni za ndege wa Ulaya na Asia. Tawi linapewa namba yake pale tofauti ya wastani kati yake na tawi jirani inapozidi asilimia 7, ndiyo maana kirusi cha janga la 2009 kinaitwa 1A.3.3.2. Namba hizi ni kavu, lakini zina faida. Novemba 2023 mtu mmoja huko Uingereza alikutwa na H1N2 ya nguruwe kupitia ufuatiliaji wa kawaida wa mafua, ikatangazwa kuwa ni 1B.1.1, na kila mtaalamu duniani alijua mara moja ni jamii gani na chanjo gani ya akiba, iliyoandaliwa mapema kwa tahadhari, iangaliwe. Shirika la Afya Duniani huijadili akiba hiyo mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, na data za wanyama huletwa na mtandao wa OFFLU wa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani.

Udhaifu uliobaki si wa kitaalamu. Mwenye nguruwe anayeripoti mafua anahatarisha bei yake, kama wale waliomkasirikia Koen. Mwaka 2009 Misri iliamua kuchinja nguruwe wake wote, takriban 300,000, ingawa ugonjwa ulikuwa ukisambazwa na watu na hauambukizwi kwa kula nyama iliyopikwa. Baada ya kuona hivyo, nani angepeleka sampuli kwa hiari? Mfumo wa Marekani, ulioanza mwaka huohuo, ulilitatua hili kwa kuruhusu sampuli zipokelewe bila kufichua shamba. Bado kuna maeneo makubwa ya dunia, sehemu kubwa ya Afrika ikiwemo, ambayo yana nguruwe wengi na mifuatano michache mno. Matawi marefu matupu ya 2009 yalitokana na hali kama hiyo. Nayo China, ambako watafiti walikusanya sampuli karibu 30,000 za pua machinjioni katika mikoa 10 kati ya 2011 na 2018, ilipata habari mbaya kwa sababu ilitafuta: ukoo uitwao G4 ulikuwa umetawala tangu 2016, na asilimia 10.4 ya wafanyakazi wa nguruwe waliopimwa walikuwa na kingamwili zake. Magazeti yalipiga kelele ya janga jipya. Kingamwili hizo zilionyesha watu wameambukizwa na nguruwe, na hakukuwa na ushahidi wa kuambukizana wenyewe kwa wenyewe.

Mwishoni mwa Oktoba 2024 H5N1, mafua makali ya ndege yaliyokuwa tayari kwenye ng'ombe wa maziwa wa Marekani, yalipatikana kwa nguruwe wa shamba dogo la nyumbani huko Oregon, palipokuwa na kuku pia. Swali la kwanza lilikuwa kirusi kimetoka wapi, kwa ng'ombe au kwa ndege. Nguruwe walichinjwa ili wapimwe kikamilifu, wawili kati ya watano wakathibitika, na kirusi kikasomwa. Kilikuwa kilekile cha kuku wa shamba hilo, cha ukoo uliohusishwa na ndege wa porini wanaohama, tofauti na ule wa ng'ombe, na bila mabadiliko yanayoashiria kwamba kinaambukiza binadamu kwa urahisi zaidi.